Pumzi Haidanganyi

Mmoja anasema hali kitu lakini nguo zinambana. Mwingine anakula kama shamba na hanenepi. Kabla hamjanuniana tena mezani, sikilizeni hewa mnayoitoa puani inasemaje.

Mpenzi msomaji, kuna ugomvi mmoja ambao nadhani kila nyumba ya vijana mjini imewahi kuuonja. Si wa simu, si wa mawifi, wala si wa hela ya matumizi. Ni ugomvi wa mwili. Mwaka mmoja baada ya harusi gauni la send-off halipandi tena, na koti la bwana harusi halifungi kifungo. Mwanzoni watu wanasifia: "Ndoa imekukubali!" Kitambi cha bwana kinaitwa kitambi cha mafanikio. Mwaka wa pili sifa zinageuka masimango, na hapo ndipo maneno yanapoanza kuuma.

Kazi hii ya kuandika mambo ya wapenzi imenifanya niyasikie malalamiko hayo kila mahali, saluni, kwenye kicheni pati, hata kwenye foleni ya benki. Yote yanazunguka sentensi tatu. Ya kwanza: "Tunakula chakula kile kile, mbona ninayenenepa ni mimi tu?" Ya pili: "Anadai hali, lakini hapungui. Atakuwa anakula kwa siri." Ya tatu: "Nimeshavuka thelathini, mwili umechoka, nifanyeje?"

Mwezi huu nimeamua tusibishane kwa hisia. Ipo njia ya kujua mwili wa mtu unatumia nguvu kiasi gani bila hata kumuuliza amekula nini: unapima hewa anayoitoa.

MAFUTA YANAENDA WAPI?

Hebu jiulize. Mtu akipungua kilo 10, zile kilo zimeenda wapi? Wengi watakwambia zimetoka kwa jasho, au chooni, au zimegeuka joto. Desemba 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown, watafiti wa Australia, walichapisha hesabu yao kwenye jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Waliwauliza swali hilo madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi, na wengi walikosa.

Jibu lao ni hili: katika kilo 10 za mafuta yanayochomwa mwilini, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ukaa, ile kabonidayoksaidi tuliyoisoma shuleni. Kilo 1.6 zilizobaki zinageuka maji. Kwa maneno mengine, mapafu ndiyo mlango mkuu wa kupungua. Ule mwili unaougombania na mwenzio unaondoka kimya kimya usiku mkiwa mmelala, pumzi moja baada ya nyingine.

Kabla hujaanza kuhema haraka haraka sebuleni ili upungue, tulia. Kuhema kwa makusudi hakuchomi mafuta, kutakupa kizunguzungu tu. Hewa ukaa ni moshi wa moto ulioko ndani. Ukitaka moshi zaidi lazima moto wenyewe uwake zaidi. Ila kwa anayepima, moshi huo ni ushahidi mzuri kweli. Palipo na moshi pana moto, na ukijua kiasi cha moshi unaweza kukadiria kuni zilizoungua.

Hesabu yake si ngumu. Ukichoma wanga, kila lita ya hewa ukaa unayotoa inamaanisha umetumia kalori kama 5. Ukichoma mafuta, lita hiyo hiyo inamaanisha kalori kama 6.7. Mlo wa mchanganyiko, tunaokula wengi wetu, unaangukia kwenye 5.7 hivi. Kwa hiyo mtu anayetumia kalori 2,000 kwa siku anatoa karibu lita 350 za hewa ukaa, ambazo ukizipima kwenye mzani zina uzito wa kama gramu 700. Ndiyo maana wataalamu wanaita makadirio: lazima wajue kidogo unakula nini, la sivyo hesabu inapinda. Lakini ni makadirio yasiyotegemea maneno yako, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

MUME, MKE NA SIMBILISI

Mambo haya yalianza kitambo. Katika majira ya baridi ya 1782 kuelekea 1783, Mfaransa Antoine Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa kama sungura, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyuka kwa joto lake, wakapima na hewa ukaa aliyoitoa, kisha wakalinganisha na mkaa unaoungua. Wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua, ila ni kuungua kwa polepole.

Sasa ngoja nikupe sehemu ninayoipenda. Lavoisier hakufanya kazi hiyo peke yake. Mkewe, Marie-Anne, alikuwa anakaa maabara naye. Baadaye Lavoisier na Armand Seguin walipoanza kupima pumzi za binadamu, Marie-Anne ndiye aliyeyachora majaribio hayo. Kwenye michoro hiyo amejichora na yeye mwenyewe, amekaa mezani na kalamu, anaandika vipimo. Mapinduzi ya Ufaransa yalimchukua mumewe: alikatwa kichwa Mei 1794, na baba yake Marie-Anne aliuawa siku hiyo hiyo. Mjane huyo ndiye aliyehakikisha maandishi ya mumewe yanachapishwa.

Nakwambia haya kwa sababu moja. Hesabu hii ilizaliwa ndani ya ndoa ambamo watu wawili walikaa upande mmoja wa meza, wakitazama jambo moja. Sisi tunakaa pande mbili tofauti na kunyoosheana vidole.

UNAKUNYWA GLASI MOJA, UNAENDA ZAKO

Shida ya njia ya zamani ilikuwa kwamba mtu lazima afungiwe kwenye chumba au avishwe kifuniko cha kukusanyia pumzi. Nani ataishi maisha yake ya kawaida na kifuniko usoni? Nani atapanda daladala nacho?

Mmarekani Nathan Lifson wa Chuo Kikuu cha Minnesota ndiye aliyepata ufumbuzi, na mwaka 1955 yeye na wenzake walionyesha kwa panya kwamba unafanya kazi. Unakunywa maji maalumu. Haidrojeni yake ni nzito kuliko ya kawaida, na oksijeni yake pia ni nzito. Hayana mionzi wala hayadhuru. Baada ya hapo unarudi kwenye shughuli zako, kazini, sokoni, kanisani au msikitini, na kila baada ya siku kadhaa unatoa mkojo kidogo wa kupimwa.

Siri iko hapa. Haidrojeni nzito inatoka mwilini kwa njia ya maji tu: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito inatoka kwa maji hayo hayo, na pia inatoka ndani ya hewa ukaa. Kwa hiyo oksijeni inaisha haraka kuliko haidrojeni, na tofauti ya kasi zao ndiyo hewa ukaa uliyoitoa siku zote hizo. Ukishaijua hewa ukaa, umeshazijua kalori. Kwa kuwa maji hayo yana bei mbaya, kwa miaka mingi yalitumika kwa wanyama wadogo tu. Mwaka 1982 Dale Schoeller alifungua njia ya kuyatumia kwa binadamu, na hapo ukweli wa watu ukaanza kutoka.

"SILI KITU, LAKINI SIPUNGUI"

Tuanze na ile sentensi inayovunja imani ndani ya nyumba. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha utafiti juu ya watu wanene waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Waliamini kabisa kwamba miili yao inachoma kidogo kuliko ya watu wengine. Wakapewa yale maji.

Majibu yalipotoka, miili yao ilikuwa inachoma kawaida tu. Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Kwa wastani walikuwa wametaja pungufu kwa asilimia 47 ya chakula walichokula, na mazoezi wameyazidisha kwa asilimia 51. Yaani mtu aliyesema amekula kalori 1,000 alikuwa amekula karibu 2,000.

Sasa bwana, usikimbilie kumwonyesha mkeo aya hii na kusema "Unaona!" Na wewe shosti, usimwekee mumeo gazeti kwenye mto. Watu hao hawakuwa wezi wa vyungu, wala haina maana kwamba walikuwa wanakusudia kudanganya. Binadamu ni mhasibu mbovu wa kinywa chake. Nani anakumbuka vitumbua viwili vya ofisini, ile chapati aliyomalizia mtoto, mafuta yaliyomiminwa kwenye sufuria bila kijiko? Soda moja ya nusu lita ina kalori 200 hivi, na hakuna anayeihesabu kama chakula. Bia ya nusu lita ni hivyo hivyo. Mwenzio anaposema "sijala kitu", mara nyingi anasema anachokiamini. Kumwita mwongo ni kosa la pili juu ya kosa la hesabu.

"TUNAKULA SAWA, MBONA MIMI TU?"

Hapa ndipo utafiti unapotuleta nyumbani. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Mtanzania Audax Mabulla, walichapisha matokeo ya kupima Wahadzabe wanaoishi maeneo ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanaume wanawinda kwa upinde na kurina asali, wanawake wanachimba mizizi na kukusanya matunda na ubuyu. Watu wazima 30 walikunywa yale maji na kupimwa kwa siku 11. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake kilomita 5.8.

Kila mtu angebashiri kwamba Wahadzabe wanachoma kalori kupita kiasi. Haikuwa hivyo. Wanaume walitumia karibu kalori 2,600 kwa siku, wanawake karibu 1,900. Ukizingatia ukubwa wa miili, walikuwa sawa tu na watu wa Marekani na Ulaya wanaoendesha magari na kukaa ofisini! Inaonekana mwili unaotembea sana unabana matumizi mahali pengine, kama mama mwenye nyumba anayejua ada ya shule ikipanda lazima apunguze kwingine. Utafiti mwingine mkubwa, wa 2021, ulikadiria kwamba kwa wastani zaidi ya robo ya kalori unazochoma kwa mazoezi, kama asilimia 28, mwili unazirudisha kwa kubana matumizi yake mengine ya siku.

Lakini angalia hizo namba mbili tena, 2,600 na 1,900. Pori lile lile, jua lile lile, chakula cha kambi moja, na bado tofauti ni kalori 700 hivi. Ni uvivu wa wanawake? Hapana. Kinachobeba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mwili, ukubwa wake na misuli iliyomo. Mwili mdogo unatoa hewa ukaa kidogo kwa sababu una kidogo cha kuendesha, kama pikipiki isivyonywa mafuta sawa na lori.

Sasa chukua hiyo uweke kwenye meza yako. Bwana ana kilo 85, bibi ana 60. Mnapakua sahani zinazolingana, mnakula pamoja, mnafurahi, mapenzi tele. Baada ya mwaka mmoja amenenepa. Hajajiachia, hajabweteka, na hajala kwa siri. Amekula chakula cha lori kwenye pikipiki, na aliyempakulia kwa upendo anaweza kuwa wewe. Kwenye nyumba ambamo mke ndiye mkubwa wa umbo, hesabu inageuka vile vile.

"UMRI UMEFIKA"

Ile sentensi ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi, kwa sababu haimlaumu mtu. Inalaumu keki ya birthday. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya maji mazito vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukishaondoa tofauti za ukubwa wa mwili na misuli, kuanzia miaka 20 hadi 60 matumizi hayabadiliki. Miaka arobaini yote ni mstari ulionyooka. Yanaanza kushuka baada ya 60, kwa asilimia 0.7 hivi kila mwaka. Na tofauti ya mwanaume na mwanamke? Kwa watu wenye mwili na misuli inayolingana, haikuonekana.

Maana yake ni kwamba ukiwa na miaka 33 moto wako haujazimika. Kilichobadilika ni maisha. Umepata gari, umepata kiti cha kuzunguka ofisini, umepata mwenza anayejua kupika, na kila wikendi kuna kamati ya harusi inayokutana sehemu yenye nyama choma. Hiyo ni habari njema, jamani. Maisha unaweza kuyapangilia upya, umri huwezi.

Neno moja kwa mabwana wenye wake wanaonyonyesha: msitumie hesabu hii kumpunguzia mama chakula. Nguvu inayotoka ndani ya maziwa haiungui mwilini mwake, inaungua kwa mtoto. Pumzi ya mama haiihesabu, lakini mama lazima aile.

SASA MFANYEJE?

Maji hayo mazito hayauzwi dukani, wala hamyahitaji. Kuna mambo manne ambayo yale majaribio yote yameshawalipia.

Moja, pakueni kwa mwili, si kwa haki. Usawa wa ndoa uwe kwenye maamuzi, kwenye pesa na kwenye kulea watoto. Wali hauna usawa. Mnaokula sinia moja, mdogo wa mwili aanze kunawa mikono mapema na asionekane anaringa.

Mbili, acheni kuhojiana, tazameni mzani na mkanda wa suruali. Uzito ukisimama pale pale kwa miezi, ujue unachokula na unachochoma vinalingana, hata kama mdomo unasema vingine. Hakuna haja ya upelelezi wa jikoni.

Tatu, usiiamini sana saa ya mkononi. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walijaribu saa na bangili saba za mazoezi. Kwenye kuhesabu kalori, iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93. Saa ikikwambia umechoma 500, usiende kujizawadia chipsi mayai za 500.

Nne, fanyeni mazoezi, ila kwa sababu sahihi. Mtu wa kilo 70 anatakiwa kukimbia kilomita kama 3 ili kuchoma soda moja, na hapo mwili bado utarudisha sehemu yake. Soda ni rahisi zaidi kuiacha kuliko kuikimbilia. Lakini wale Wahadzabe wanaojishughulisha kwa zaidi ya saa mbili kila siku wana mioyo yenye afya ya kuonewa wivu, na shinikizo la damu kwao ni nadra. Tembeeni pamoja jioni kwa ajili ya moyo, usingizi na maongezi. Kiuno kitafutwe mezani.

Na kama mwili unabadilika ghafla bila sababu, uchovu haukuishi, au kiu haikatiki, hiyo si ya kwangu wala ya mwenzio kuijadili. Nendeni hospitali, tena mwende wote wawili.

Kabla ya kumwambia mwenzio "siku hizi umejiachia", kumbuka kwamba mwili wake huenda unachoma kadiri ya ukubwa wake, kama wako unavyofanya, na unaitoa hesabu hiyo kila anapopumua. Kama ni kulaumu, laumuni ule mwiko wa kupakulia. Wenyewe hauna hisia.